Mashine ya kushtua moyo tulonunua ya skuli: kazi yafanya, shida ni ufunguo

Tangu tununue hii kitu hakupiti wiki bila mtu kunipigia simu, mara mwalimu wa Mpeketoni, mara mzazi yuko Malindi mtoto wake acheza mpira, na swali ni lile lile, mwalimu hio mashine ya moyo ni ya kweli ama mmeuziwa redio? Basi naandika mara moja niseme yote, tamu na chungu, mana tumekaa nayo mwaka na miezi minne hapa Lamu na hela zilotoka ni za wazazi, hakuna mfadhili wala mheshimiwa alotia mkono.

Kwa asoijua, ni kijisanduku chenye mpini, ukubwa kama mkoba wa mtoto wa kubebea chakula, uzito haufiki kilo mbili. Ndani mna betri na stika mbili kubwa zenye waya. Sasa mtu akianguka ghafla, mara nyingi moyo huwa haujanyamaza kabisa, watetemeka tu ovyo kama samaki alotupwa ndani ya ngarawa, damu haiendi popote. Wambandika zile stika kifuani, mashine yasikiliza yenyewe, ikiona ndio ule mtetemeko yakwambia bonyeza, wabonyeza, stima yapita na moyo wapata nafasi ya kuanza upya na mwendo wake. Ikiona moyo wapiga sawa, ama umezima kabisa, haitoi stima hata ubonyeze mpaka kidole kifanye sugu. Hili ndo lilotuliza wazee wa kamati, mana hofu yao haikuwa moyo wa mtu, hofu yao ilikuwa mtoto mtundu atamchapa mwenzake darasani. Haiwezekani. Watoto wenyewe washaipa jina, boksi la stima.

Ilivyokuja sasa. Kuna siku tulivuka bara kwenda kucheza, jua la saa nane, mechi yaenda vizuri tu, beki wetu wa kushoto akaanguka hajaguswa na mtu. Wa kwanza akasema kifafa, wa pili akasema amepandwa huyo, msomeeni, mama mmoja mbio na jagi la maji akammwagia uso. Na mie mwalimu wa michezo nimesimama na boksi la fasti edi mkononi, ndani mna bendeji, pamba, spiriti na mkasi usokata hata karatasi. Gari lilokuwepo pale kiwanjani ni lori la mchanga na dereva ameenda kula. Alhamdulillah ilikuwa jua na njaa, kijana alitoka kwao hajatia kitu mdomoni, baada ya muda akafungua macho akauliza nani kafunga. Yeye aliinuka akanywa soda, mie nlikaa chini. Usiku sikulala, nahesabu, kutoka pale hadi jeti ya Mokowe, kusubiri boti, kuvuka, kutoka gatini mpaka hospitali ya King Fahd kwa vile vichochoro vyetu punda wawili wakikutana mmoja arudi nyuma, na moyo ukisimama kila dakika ipitayo bila stima yakata asilimia 7 mpaka 10 ya nafasi ya mtu kupona. Dakika kumi umeshamaliza hesabu, na mie hapo hata kwenye boti sijafika.

Mkutano wa wazazi nlidhani ntafukuzwa. KSh 185,000 kwa kisanduku na vyoo vya wavulana havina milango! Na ni hoja ya haki, mie mwenyewe vile vyoo vyaniudhi. Alotuokoa ni babu mmoja wa kamati, mtu wa mpira tangu ujana wake, akasimama na bakora akauliza, nani hapa aliona mechi ya Denmark na Finland? Mikono kama ishirini. 12 Juni 2021, isha ndo yaadhiniwa, watu wamejaa mbele ya tivii, mpira wa kurusha wamfikia Eriksen wa Denmark na yeye akaanguka peke yake. Wakamkandamiza kifua pale pale nyasini, wakampa stima mara moja, na kabla hajatolewa uwanjani alikuwa ashafungua macho. 2022 alikuwa acheza tena England. Babu akasema, haya, na Foé je? Kimya. Marc-Vivien Foé wa Cameroon, 26 Juni 2003, Lyon, nusu fainali na Colombia, umri miaka 28, kaanguka katikati ya uwanja vile vile hakuna alomgusa na hakurudi, walipompima baadaye wakakuta nyama ya moyo imenenepa. Mmoja ana boksi ubavuni mmoja hana, akasema babu, akakaa. Mie ningeongeza kwamba maradhi hayalingani na kila moyo una yake, lakini nlifunga mdomo mana mikono ya kuchanga ilikuwa yainuka. Miezi mitatu tukakamilisha, na wa mwisho kutoa alikuwa yule mzazi wa vyoo.

Haya, muuzaji. Yuko Mombasa, simtaji jina, nyota 2 kati ya 5 na hio moja ni ya upole wa yule dada wa simu. Mzigo ulifika Mokowe kwa basi, salama, umefungwa vizuri. Nafungua, mashine mpya inang'aa, nikageuza pakti ya stika nikaona zimebakisha miezi mitano kuekspaya! Stika hizi zikiwa mpya huenda miaka miwili na zaidi, ile gundi yenye maji maji ikikauka hazishiki kifua na stima haipiti sawa, yaani wabaki na redio kweli. Nikapiga simu naambiwa ati stika si sehemu ya waranti. Nikamwambia dada yangu, ukinunua samaki aloanza kunuka utaambiwa harufu si sehemu ya samaki? Wiki tatu za kuvutana, mwisho wakatuma pakti nyingine na nauli ya basi tukalipa sie. Kwa hivo wewe mnunuzi, kabla hujalipa mwambie muuzaji apige picha tarehe ya stika na tarehe ya betri akutumie, na uulize bei ya stika za kubadilisha, yetu ni elfu kumi na nne, mana hio gharama yarudi kila baada ya miaka na hakuna anoitaja siku ya kuuza.

La pili kwa huyo huyo muuzaji, lugha. Mashine yasema Kiingereza peke yake, na Kiingereza chenyewe cha puani, haraka haraka. Kuna za lugha mbili, tuliuliza mapema, tukaahidiwa ya Kiingereza na Kiarabu, ustadhi wa madrasa akafurahi sana, ikaja hii. Ya Kiswahili hatukuonyeshwa na yeyote. Sasa mtu ameanguka, watu wapiga kelele, na mpishi wa skuli ndo yuko karibu, aambiwa na mashine kitu hakielewi. Tulichofanya, nlikaa na wanafunzi wa fomu tatu tukaisikiliza neno kwa neno, tukaandika kwa Kiswahili kwa wino mzito kwenye kadi, tukaitia plastiki na kuibandika ndani ya kifuniko. Mvueni nguo ya kifua. Bandika kama picha. Msimguse, yasikiliza moyo. Ondokeni wote, bonyeza kile chekundu. Endelea kukandamiza. Mistari mitano tu. Mpishi alipojaribiwa akafanya bila kosa, na akasema hii kadi yatosha, huyo Mzungu wa ndani mngemzima.

Mashine yenyewe sasa, nyota 4. Kila siku yajipima yenyewe na kitaa cha kijani chapepesa, ikiwa na shida chageuka na yalia kama kifaranga, na wala huhitaji fundi. Vumbi na maji yastahimili kiasi, si kuizamisha. Chumvi ya Lamu mwaijua, yala mpaka bawaba za milango, lakini mwaka na kitu huu sijaona kutu kwenye vyuma vya pale waya ziingiapo, nafuta kila Ijumaa kwa kitambaa kikavu. Joto ndo la kuangalia, yetu imeandikwa mwisho digrii 50, na sanduku jeusi likiachwa juani kwenye boti lafika hapo upesi. Ina kibonyezo cha mtoto, cha walo chini ya miaka 8 ama kilo 25, hio ni muhimu kama mna wadogo wa praimari kwenye kiwanja kimoja na wakubwa. Nyota ilokatwa ni ya lugha.

Mafunzo yalikuwa siku mbili, mkufunzi alivuka kuja kwetu na mdoli wa plastiki asiye na miguu, na hapo sina kinyongo, yalikuwa mazuri kuliko mashine. Mana alotufunza kwanza si mashine, ni mikono. Katikati ya kifua, kisigino cha kiganja, uzame kama sentimita tano, usipite sita, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na mbadilishane kila dakika mbili mana wachoka bila kujijua. Walimu wote tulikuwa ama twaenda kama twakanda unga wa mahamri ama mbio kama twafukuzwa. Aloshika mwendo mara ya kwanza ni kijana mmoja mwembamba wa fomu mbili, hupiga matari kwenye maulidi, mkufunzi akatazama saa akakuta 112, akamwambia rudia, 112. Tangu siku hio tukifanya mazoezi yeye hukaa pembeni na tari lake na sie twakandamiza kwa mwendo wake.

Kitu ingine alotufunza ni ule mkoromo. Mtu moyo umesimama aweza kuwa avuta pumzi moja moja kubwa kama akoroma, na mikono yaruka ruka, watu wakasema yu hai huyo, kifafa, muacheni. Sio. Haitikii na pumzi si ya kawaida, anza. Na anotaka kumsomea asome, hatukatazi na dua yafaa, ila asome akiwa upande wa kichwa na mwengine yuko kifuani.

Zile stika kwa jina lake la dukani ni pedi, mkufunzi alipotamka mara ya kwanza darasa zima la wavulana likafa kwa kicheko na wasichana wakainamisha vichwa, kwa hivo kwetu ni stika na zitabaki stika. Hapo hapo likaja suala zito zaidi. Stika zataka kifua kitupu na kikavu. Msichana je? Mwalimu wa kike wa neti boli ndo alouliza, mbele ya watu, na nlimheshimu sana. Mkufunzi akasema moyo haungoji, nguo ikatwe, stika moja juu kulia chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, na moja kushoto kwenye mbavu chini ya kwapa. Mama mmoja wa PA, chama cha wazazi, akasimama akasema basi watu wa nini leso? Akachukua yake na ya mwenzake, wakawaita wengine wawili, wanne wakashika pembe wakageuka migongo, ukawa ukuta. Sekunde kumi hazikufika. Sasa ndani ya mkoba wa mashine mna leso mbili, taulo dogo la kufutia jasho na mchanga, wembe wa walo na manyoya kifuani na mkasi unokata. Kama mwanunua, hivi vitu havifiki elfu mbili na muuzaji hatakwambia.

Haya tufike kwenye ufunguo. Mashine ilipokuja hedi aliifungia ofisini kwake kabatini, kabati lina kufuli, ofisi ina kufuli, geti la utawala lina kufuli. Simlaumu, mtu kakabidhiwa mali ya laki mbili kasoro na mwaka jana tulibiwa mpaka mabomba ya maji. Alhamisi moja bila kumwambia mtu nikamlaza mdoli kwenye goli la kusini nikapiga filimbi na nikaanza saa. Kijana akatoka mbio, na ni mkimbiaji wetu wa mita 400. Geti limefungwa, mlinzi yuko msikitini. Mlinzi akaja. Ofisi imefungwa, karani ameenda benki na ufunguo. Ufunguo wa pili uko kwa naibu, naibu yuko darasani afanya mtihani wa mdomo na hapokei simu. Dakika 11 na sekunde 40. Nlimpelekea hedi ile simu yangu nikamuonyesha namba tu, sikusema neno. Alikaa nayo mkononi kitambo kisha akasema, mwalimu, itundike panapokufaa, ikiibiwa twende sote polisi.

Imetundikwa kwenye nguzo ya veranda upande wa kiwanja, kivulini, imefungwa kwa uzi wa plastiki ule wa kukatika ukivutwa, na juu tumechora moyo mwekundu. Tukapima tena, dakika 1 na sekunde 50. Mwaka sasa hakuna alogusa, isipokuwa mara moja mbuzi alikula ule uzi.

Kisha kuna safari. Hapa ndo skuli nyingi zitakosea, mana wengi waniletea hoja ya mashine ya skuli, mashine ya skuli, na watoto wetu wakimbia zaidi siku hawako skuli. Wako Twaif, wako Mokowe, wako Faza na boti ni zaidi ya saa. New York sheria yao ni ya tangu 2002, ilitokana na mtoto wa miaka 14 alopigwa na mpira kifuani akafa mwaka 2000 kwenye mchezo wa lacrosse, ule wa mpira mgumu na vijiti vyenye wavu, na ukiisoma haisemi tu skuli iwe na mashine, yasema mechi ikichezwa nje ya skuli mashine iwepo huko huko na mtu alofunzwa awepo. Hio ndo sheria ningetaka kuiona kwetu, kaunti na chama cha michezo waseme hakuna filimbi ya kwanza kama boksi haliko benchi. Skuli moja moja kununua si lazima, mechi moja yataka moja tu, mwaweza kuchanga skuli nne mkaizungusha kwa ratiba. Marekani sheria ya Disemba 2024 yaruhusu hela za serikali kuu zitolewe kwa skuli, Uingereza skuli za umma za England zilipelekewa zaidi ya 20,000. Sie twaweza kuanza na viwanja vinne.

Kwenye boti twaitia ndani ya ndoo ya rangi yenye kifuniko, ndoo ndani ya kivuli cha shiraa, na nahodha ana amri haiketi mtu juu yake. Mara ya kwanza aliniuliza mwalimu mwabeba bomu? Sasa akituona gatini hatuna ile ndoo yeye mwenyewe huuliza iko wapi.

Imetumika? Mara moja, na si kwa mchezaji. Fainali ya majirani, kiwanja kimefurika, mzee mmoja yuko upande wa kona alikuwa asimama kumtukana refa akaanguka chali. Nikafika, namuita haitikii, pumzi ya kukoroma, ya ajabu. Boksi liko chini ya benchi letu, likafika kabla sijamaliza kupiga magoti. Yule kijana wa matari kifuani, mie mkasi, shati chwaa mpaka kitovuni, futa jasho, bandika. Kiwanja kizima kikanyamaza, yasikika ile sauti ya Mzungu peke yake, na mashine ikasikiliza ikasema haitoi stima, endeleeni. Kijana akakandamiza tena, mara ya nne ama ya tano mzee akanguruma akamsukuma mkono akamwambia, ondoka hapa, wanivunda mbavu! Ilikuwa sukari imeshuka, alijidunga insulini asubuhi hajala. Boti ya wagonjwa ikamchukua, jioni alikuwa akaa kitandani anywa uji. Kwa hivo mashine ilifanya kazi yake, ilikataa palipostahili kukataa, na mkufunzi nlipomsimulia akasema ukiwa na shaka ni vile vile, anza tu.

Stika zikishafunguliwa ndo basi, elfu kumi na nne zimeenda, mpya ziliwasili baada ya siku tisa na hizo siku tisa hatukucheza mechi ya nje. Nunueni pakti ya akiba tangu mwanzo. Na mtenge hela ya shati, mana lile la mzee lilikuwa jipya, la Idi, kila akiniona gatini anidai, nimemlipa nusu.